Simu mkononi, ndani ya nyumba ya watu

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nilizunguka Nairobi kuona nyumba saba zinazouzwa. Mnunuzi hakuwa mimi. Binamu yangu aliyeko Minnesota alikuwa ameweka akiba miaka minane, na mimi ndiye niliyetumwa kuwa macho yake. Tulianza South C saa tatu asubuhi, tukaenda Imara Daima, Donholm, Buruburu, tukamalizia upande wa Ngong Road. Nilifika kwangu jioni miguu imevimba. Usiku binamu akapiga simu. "Ile yenye matangi mawili, jikoni kuna dirisha?" Nikajibu lipo, tena kubwa. Kumbe dirisha lilikuwa la nyumba ya nne, matangi yalikuwa ya nyumba ya sita, na ile ya tano, ambayo nilikuwa nimeisifu garini hadi dereva akacheka, sikukumbuka hata rangi ya mlango wake.

Picha nilikuwa nazo, tena tele. Nilipozifungua nikaona karibu zote ni sebule, sebule, sebule. Sebule sita kwa jumla, kwa sababu nyumba ya pili nilikatazwa. Wakala, kijana nadhifu wa suti ya buluu, alinyoosha kiganja mbele ya simu yangu kama polisi wa trafiki: "Picha hapana, bosi. Zilizo kwenye tangazo zinatosha." Nikairudisha mfukoni kwa adabu, lakini njia nzima nikawa nalitafuna neno lile. Mtu anataka kuuziwa kitu cha shilingi milioni 14, kisha anaambiwa dari la kitu hicho alitazame tu kama dirisha la duka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asinitafute. Mnunuzi apige picha. Aombe kwanza, kisha apige, na akinyimwa bila sababu ya maana ajue ameshaambiwa jambo kuhusu nyumba hiyo. Ila ugomvi wangu mkubwa ni sisi wanunuzi wenyewe: tunapiga picha zisizotufaa, kisha tunazipeleka mahali zisipostahili kwenda. Wakala wa suti ya buluu alikosea, lakini hakuwa na wazimu.

Tuanze na hizo picha za tangazo alizosema zinatosha. Zimepigwa kwa lenzi pana, na lenzi pana ikiwekwa kwenye kona ya mlango hukifanya chumba cha mita tatu kwa tatu kionekane kama ukumbi wa harusi. Zimepigwa mchana wa jua, taa zote zimewashwa, taulo mpya imetundikwa bafuni. Hutaona ndani yake kifuniko cha shimo la majitaka kilicho hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Hutaona kwamba dirisha la chumba cha pili linatazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Niliwahi kuona tangazo la fleti ya Kileleshwa lenye picha 22, na katika hizo zote hakukuwa na picha ya choo. Choo kilikuwepo. Nilipofika nikaelewa kwa nini hakikualikwa.

Kwa hiyo anayesema picha za tangazo zinatosha anamwambia mnunuzi aamini macho ya muuzaji. Hata sokoni Wakulima mtu huruhusiwa kuligeuza papai.

Hata hivyo, tumsikilize muuzaji, maana hofu zake zina miguu katika jiji hili. Kila aliyewahi kutafuta nyumba Nairobi anaijua hadithi ya picha zinazozurura. Unapiga picha leo, unamtumia rafiki, rafiki anamtumia mtu wake, na kufikia Jumatano nyumba ileile iko Facebook ikiwa na namba ya simu isiyojulikana na bei iliyopandishwa laki tano. Dalali wa dalali wa dalali. Hapo bado una bahati, maana huyo angalau anataka kuiuza. Kuna yule anayetumia picha hizo kuitangaza kama nyumba ya kupangisha kwa nusu ya kodi ya kawaida, anadai ada ya kuonyeshwa kupitia M-Pesa, kisha simu inazimwa. Mwenye nyumba anashtukia tu watu wanagonga geti Jumapili asubuhi, kila mmoja na risiti yake.

Na kuna wezi. Ukikusanya picha za mnunuzi mmoja makini, una aina ya kufuli, unene wa grili, dirisha lisilo na grili, mahali televisheni ilipo, na mbwa kama yupo. Familia inayouza nyumba mara nyingi bado inaishi humo. Mama anapika, watoto wako mezani na vitabu, na watu wasiojulikana wanapita korido wakiinua simu. Ningekuwa mimi, ningenuna.

Sasa, hofu hizo zinaeleza kwa nini mtu asitake upige picha ya kabati la nguo au ya mtoto wake. Hazielezi kwa nini asitake upige picha ya nyufa. Hapo ndipo ninapompima wakala. Anayesema, "Tafadhali usipige vyumba vya kulala, familia ingali humu," huyo ni mtu wa kazi. Anayekataza picha ya mita ya stima na ya chini ya sinki, huyo ama anaficha kitu ama hana mamlaka anayojidai kuwa nayo. Wengi wanaotuzungusha kwenye nyumba hawakutumwa na mwenye nyumba. Wametumwa na mtu aliyetumwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi husika, na kuomba kuona usajili wake hakuna utovu wa adabu. Uliza mapema, kabla hata hujapanda gari. Siku ile nilimuuliza mmoja, akaniambia kadi ameiacha kwenye suruali nyingine.

Katiba na sheria zinasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na kinataja nyumba yake pamoja na habari za familia yake kufichuliwa pasipo sababu. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukuta wenyewe hauna haki za data. Lakini picha yenye uso wa mtu, jina lake au karatasi zake ni habari za mtu anayeweza kutambulika, na hapo sheria inaingia. Kifungu cha 51 kinamsamehe mtu binafsi anayetumia data kwa shughuli zake za kibinafsi au za nyumbani tu, na nadhani mnunuzi anayejiwekea picha simuni mwake anakaa salama chini ya mwavuli huo. Swali ni mwavuli unafika wapi. Mwezi Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza faini shule moja ya Uthiru, shilingi 4,550,000, na klabu moja ya burudani, shilingi 1,850,000, kwa sababu ya picha za watu zilizotumika bila idhini. Hizo ni taasisi zinazofanya biashara, sikatai. Lakini mnunuzi anayeirusha sebule ya watu kwenye TikTok, akionyesha "nyumba niliyoikataa leo", ajiulize kama hiyo bado ni shughuli ya nyumbani.

Nasema haya nikiwa na kidonda changu. Katika ile nyumba ya nne, ya Donholm, jikoni palinivutia kwa sababu ya lile dirisha. Nikapiga picha moja pana, nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo ili binamu aione, na wengine nao watoe maoni kwa kuwa hakuna mtu katika ukoo wetu asiye na maoni kuhusu nyumba asiyoilipia. Tuko watu 64 humo. Baada ya dakika kumi shangazi mmoja akaandika: "Huyo mtoto wa 38 kati ya 41 ni wa nani?" Sikuelewa. Nikaikuza picha. Kwenye mlango wa friji, ikiwa imeshikiliwa na sumaku yenye umbo la nanasi, ilikuwepo ripoti ya shule ya mtoto wa mwenye nyumba: jina lote, darasa, alama za hesabu, na maneno ya mwalimu mkuu. Kando yake kulikuwa na kadi ya kliniki yenye tarehe.

Nilifuta, lakini kufuta kwenye kikundi cha watu 64 ni kama kuyazoa maji yaliyomwagika mchangani. Mmoja wa jamaa zetu alimfahamu mwalimu wa shule ile. Siku ya pili wakala akanipigia, sauti imepoa: mwenye nyumba amesikia mtoto wake anazungumzwa, na hataki tena tuje. Nyumba yenye dirisha zuri kuliko zote ikatuponyoka hivyo. Binamu hakunilaumu, jambo lililonichoma zaidi.

Tangu ujumbe ule wa shangazi nina utaratibu. Nikiingia, namsalimu mwenyeji kwanza, kisha naomba kwa kutaja kitu chenyewe. Simwambii "naomba kupiga picha", maana maneno hayo yanamfanya aione nyumba yake yote ikienda hewani. Nasema, "Mama, naomba nipige picha ya dari hapa kwenye korido." Mama mwenye nyumba wa Buruburu, ile nyumba ya tano niliyoisahau mlango, nilipomwomba hivyo alifuta mikono kwenye leso akasema, "Piga tu, mwanangu. Ila chumba cha watoto uache." Alikuwa amenipa mpaka ulio wazi kuliko sheria yoyote niliyoisoma.

Na raundi ya kwanza naifanya mikono mitupu. Nimegundua kwamba mtu akiwa nyuma ya simu hageuzi bomba. Anapita chumba hadi chumba akitazama kioo kidogo, akiridhika kwamba "ameipata", wakati pua yake ingemwambia kuna unyevu nyuma ya kabati na sikio lake lingemwambia kuna baa ng'ambo ya ukuta. Ikiwa uko Imara Daima au South C, simama kimya dakika tano usikilize ndege zinazotua na kupaa uwanjani. Fungua mabomba mawili kwa pamoja uone kama la juu linakauka. Ukimaliza, ndipo utoe simu, na sasa unajua unapiga nini.

Dari ndilo la kwanza. Doa la maji kwenye dari lina historia yake, na ukingo wa kahawia ukiwa mmoja juu ya mwingine kama pete za mti, basi limevuja zaidi ya msimu mmoja. La pili ni nyufa, nazo zipigwe na kitu cha kulinganisha kando yake, sarafu ya shilingi kumi kwa mfano. Upande wa mashariki wa jiji na kwenda hadi Syokimau na Athi River, ardhi ni ule udongo mweusi wa pamba. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unanywea, na nyumba isiyochimbiwa msingi hadi chini yake hupanda na kushuka nao kila mwaka. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda mshazari una maana tofauti na nyufa ndogo kama nywele kwenye plasta. Mimi si mhandisi. Picha yenye sarafu humsaidia mhandisi kujua kama inafaa aje, na akija unamlipa, hulalamiki. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu zaidi ya 50. Baada ya hapo sioni aibu kupiga picha ya nguzo.

Kisha kuna jua, na hili wanunuzi wa Nairobi hulisahau kabisa. Jiji liko kusini kidogo mwa ikweta, kama digrii moja na ziada. Mwezi wa Februari jua bado liko upande wa kusini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini kitakupokea kwa mwanga mtamu. Kuanzia Machi hadi Septemba jua liko kaskazini, na chumba hichohicho hakitagusa jua la moja kwa moja hata siku moja ya Julai, mwezi ambao Nairobi tunalala na sweta. Kuvu nyeusi nyuma ya kitanda huzaliwa hapo. Simu yako ina dira. Ielekeze dirishani, piga picha ya dira yenyewe, kisha piga ya kona ya chini ya ukuta ule. Ukikuta rangi ya kona ni mpya kuliko ya ukuta mzima, umeshapata jibu.

Maji nayapitia haraka kwa kuwa kila mtu anayajua machungu yake. Matangi, idadi na ukubwa. Pampu. Mita ya maji na namba yake. Utando mweupe kwenye kichwa cha shawa, ambao huashiria maji ya kisima yenye chumvi. Maji mengi ya visima vya jiji hili yana floridi nyingi, na hiyo kamera haiioni. Chukua chupa upeleke maabara. Namba ya mita ya stima nayo ipige, uulizie deni kabla halijawa lako.

Nje pia. Kiwanja kitupu kando ya ukuta, chenye mahindi na mbuzi wawili, ndicho kitu kinachofaa kupigwa picha kuliko vyote ukiwa Kilimani au Kileleshwa, kwa sababu baada ya miaka mitatu patakuwa na ghorofa 16 na jua lako litakuwa limekwenda na mbuzi. Kwenye fleti, piga nafasi ya kuegesha gari na namba yake. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 kila fleti hupata hati yake na fungu lake katika maeneo ya pamoja, na nimeona majirani wakinuniana miaka kwa sababu ya nafasi iliyoahidiwa kwa mdomo.

Kwa mdomo, ndiyo. Hapo ndipo picha inapokosa meno kama haikusindikizwa. Mnunuzi hufikiri kwamba kwa kuwa ana picha ya shawa ya umeme, jiko la gesi lililojengewa na pampu, basi vitu hivyo ni vyake. Siku ya kukabidhiwa funguo anakuta nyaya zinaning'inia na mashimo manne ya skrubu. Mikataba mingi ya mauzo husema mnunuzi ameikagua mali na kuikubali ilivyo, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe umeandikwa, umetiwa saini na umeshuhudiwa. "Tutakuachia tu" haiko kwenye maandishi. Picha zipelekwe kwa wakili kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya mwanzo, ili vitu viandikwe kimoja kimoja ndani ya mkataba. Zikikaa simuni hadi siku ya ugomvi, utakuwa na albamu nzuri ya vitu ulivyowahi kuviona.

Ikiwa mambo yatafika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inakubali picha za kielektroniki, ila kifungu cha 106B kinadai cheti kuhusu kifaa na namna zilivyotolewa. Kwa hiyo picha asili ibaki kwenye simu iliyopiga. WhatsApp huibana picha na kuiondolea habari zake za ndani, zikiwemo saa na mahali ilipopigwa. Ukimtumia mtu, mtumie kama faili, na usifute ya kwanza. Jambo dogo, lakini lilinifaa mimi mwenyewe, nami sikuwa mahakamani.

Tulirudi Buruburu baada ya wiki tatu, safari hii binamu akiwa kwenye simu ya video, saa za kwao bado ni alfajiri. Mwenye nyumba alikuwepo, na wakala mpya ambaye hakuwepo mara ya kwanza. Korido ilinukia rangi. Dari lilikuwa jeupe kama sahani. "Hakuna tatizo lolote la maji nyumba hii," wakala akasema kabla hajaulizwa. Nikatoa simu, nikatafuta ya Februari: doa la ukubwa wa chapati, pete tatu, mbele ya mlango wa choo cha chini.

"Hii ni nyumba gani?" akauliza.

"Ni hii. Jumamosi ile, saa saba na dakika ishirini."

Akaikuza, akaipunguza, akalitazama dari, akaitazama tena. Mama mwenye nyumba ndiye aliyecheka. Akatuambia bomba la bafu la juu linavuja tangu mwaka uliopita, fundi alitaka elfu kumi na nane za kuvunja vigae na kubadilisha, naye akaona hana sababu ya kukarabati nyumba anayoiuza. Rangi haikuwa wazo lake. Tulikaa sebuleni, chai ikaletwa, na kabla haijapoa bei ilikuwa imeshuka laki mbili. Wakala hakugusa kikombe chake.

Sitaki kuifanya picha ile iwe shujaa. Kama mama asingekuwa mkweli, wakala angesema ni maji ya kumwagika, na mimi ningebaki na doa langu. Na kuna mambo ambayo hakuna kamera ya kuyaonyesha. Mwezi Novemba 2011 matingatinga yaliingia Syokimau yakabomoa majumba ambayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema yamejengwa kwenye ardhi yake. Ungepiga picha nyumba zile mwezi mmoja kabla, ungepata vigae vya Italia, paa zuri, bustani. Oktoba 2023 yakaingia Mavoko, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji. Hatimiliki haipigwi picha na mnunuzi; inapekuliwa rasmi, siku hizi kwa Nairobi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, na wakili anayelipwa na wewe, si na muuzaji. Mtu akikupa nakala ya hati uipige picha "kwa kumbukumbu yako", ipige, kisha uisahau hadi upate jibu la upekuzi.

Na huku tukibishana kuhusu simu ya mnunuzi, tusisahau kwamba nyumba nyingi siku hizi nazo zina kamera zake. Niliwahi kuwasikia mke na mume, wanunuzi, jikoni Lavington wakinong'onezana kwamba wako tayari kuongeza milioni moja wakibanwa. Juu ya kabati palikuwa na kijitaa chekundu.

Wanaoishi ughaibuni ndio wanaonifanya nisirudi nyuma katika hoja hii. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na sehemu ya pesa hizo inageuka mawe, mabati na hatimiliki ambazo wenyewe hawajaziona kwa macho. Wanategemea ndugu. Na ndugu, tuseme ukweli, mara nyingine ndiye anayeila nyumba kabla haijajengwa. Picha yenye tarehe, mahali na doa inamlinda aliyetuma pesa dhidi ya muuzaji, na inamlinda ndugu mwaminifu dhidi ya shaka. Kumwambia mtu wa namna hiyo picha za tangazo zinatosha ni kumwomba alipe akiwa amefumba macho mara mbili.

Nyumba ya Buruburu ilinunuliwa mwezi Juni. Bomba lilibadilishwa, vigae vikavunjwa, na fundi mwingine alitaka elfu ishirini na tano badala ya kumi na nane. Juzi nilikuwa nafuta vitu kwenye simu kwa sababu kumbukumbu imejaa, nikakuta picha 311 za nyumba za watu wengine. Makochi yenye vitambaa vya kufuma. Kalenda ya SACCO. Sufuria ya githeri jikoni kwa mtu ambaye sitamwona tena. Nilipaswa kuzifuta siku ileile binamu aliposema hapana, na sikuzifuta. Nikakaa nazo karibu saa nzima, nikizitoa moja moja. Ile ya friji yenye sumaku ya nanasi bado ilikuwepo, nilikuwa nimeifuta kwenye kikundi tu. Nikaitoa, kisha nikaenda kwenye kapu la takataka la simu nikaitoa na huko. Zimebaki nne, zote za Buruburu. Ya dari binamu ameniomba nisiifute mpaka mvua za Novemba zipite.